Waridi la Safu ya Kumi na Nne

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, lakini kitaluni hakuna aliyelikumbuka. Wote walimwita Mama Jicho, na hawakumwonea. Kwanza, kazi yake ilikuwa kubebesha macho: kuchota kijicho cha mwaridi mzuri kwa ncha ya kisu, kukipachika kwenye shina la mwaridi pori lenye mizizi ya nguvu, kukifunga kwa utepe, kisha kungoja kishike. Kwa miaka thelathini na mmoja aliifanya kazi hiyo ameinama, mgongo juu kichwa chini, miche mia tatu kwa siku alipokuwa na nguvu zake. Pili, macho yake mwenyewe hayakuwa yakilala. Muuza maziwa akimpimia lita moja, aliyamimina tena kwenye chupa yake mbele ya mwenyewe. Mgeni akisifia nyumba, alijiuliza anatafuta njia ya kuingia chumba gani. Fundi aliyemwekea kitasa kipya alisikia wiki iliyofuata kwamba kitasa kimeshabadilishwa, na fundi mwingine, eti kwa sababu yule wa kwanza anaujua ufunguo.

"Shangazi, wewe ungemshuku hata aliyekuzaa," alizoea kusema mpwa wake, binti wa marehemu kaka yake, aliyekuwa akiishi naye.

"Huyo alinidanganya mara mbili," Mama Jicho alijibu, na hakuwahi kusema ni lini wala kwa jambo gani.

Walikaa katika nyumba ya vyumba viwili yenye uwanja mdogo nyuma. Uwanjani palikuwa na jiwe la kufulia, kamba ya nguo, tangi la maji, na kando ya tangi mwaridi mmoja uliomfika mtu mzima kifuani. Mpwa alikuwa karani wa mapokezi katika zahanati ya mtaa. Mara mojamoja alikata ua asubuhi, akaenda nalo kazini na kuliweka kwenye glasi mezani kwake. Ua hilo ndilo lililoleta mambo yote.

Mgeni alikuja Jumanne, saa nne asubuhi, mpwa akiwa kazini. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani ya fremu nyeusi na mkoba wa ngozi, na viatu vyake viling'aa. Viatu ndivyo vilivyomtia Mama Jicho shaka ya kwanza. Uchochoro wote ulikuwa tope tupu tangu mvua ya juzi, na viatu vya bwana huyu havikuwa na hata tone. Maana yake amevifuta pale nje kabla ya kubisha. Na mtu anayefuta viatu kabla ya kubisha, ameshapanga na maneno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakuelekeza?"

"Binti yako wa zahanati. Niliona ua mezani kwake, nikamuuliza limetoka wapi. Mimi nazungukia watu wenye mawaridi ya zamani. Naandika sifa zake na kuyapima, yasije yakapotea bila mtu kujua yalikuwaje."

"Na nani kakutuma?"

"Chama cha wakuza maua." Akatoa barua yenye muhuri.

Mama Jicho aliisoma mara mbili, akaigeuza, akaitazama kwenye mwanga wa mlango. Muhuri ulikuwapo. Lakini mihuri huchongwa. Alimwachia njia apite, huku akihofu, kwa sababu ambayo hakupata kumwambia mtu yeyote, hata mpwa wake.

Mwaridi ule ulikuwa wa wizi.

Kitaluni ulikuwa na safu yake, ya kumi na nne kutoka getini. Ulikuwa wa lile kundi ambalo wakulima huliita waridi-chai chotara: kijiti kirefu, ua moja kubwa kichwani, petali zinazojikunja nje kama kola ya shati. Kwenye orodha ya mwenye kitalu ulikuwa na namba tu, lakini wafanyakazi waliuita Mwenye Haya, kwa vile ua lake likishafunguka huinamisha kichwa. Lilikuwa ua la kizamani, na wanunuzi wakalichoka. Wenye maduka walilalamika kwamba shingo haisimami kwenye chombo, na mvua ikinyesha petali za nje zinagandamana na ua linaoza bila kufunguka. Siku moja msimamizi, ambaye wote walimwita Nyapara, akatoa amri: safu ya kumi na nne ing'olewe, ichomwe, na asionekane mtu anatoka na hata jani. Mama Jicho alifanya alivyoambiwa. Aling'oa pamoja na wenzake, akabeba hadi kwenye moto. Ila mchana ule chupa yake ya chai haikuwa na chai. Ilikuwa na kijiti kimoja chenye macho matatu, kimezungushiwa kitambaa kibichi. Mawili yalikufa. Moja likashika.

Tangu hapo miaka ishirini na mitano ilikuwa imepita. Alishastaafu, na mwenye kitalu alishafariki. Hata hivyo kila gari lililosimama mlangoni bila sababu lilimkumbusha jani ambalo halikupaswa kutoka getini.

Sasa alisimama karibu na jiwe la kufulia, mikono kifuani, akimwangalia Miwani (hilo ndilo jina alilompa palepale kichwani) akifanya kazi. Na kazi aliijua, huwezi kumnyima. Alipima urefu wa kijiti kwa tepu. Alihesabu petali moja moja kwa ncha ya kalamu, akapata thelathini na nne. Alilinganisha rangi na vipande vya kadi alivyovipanga kama karata: nje waridi iliyofifia, kama ukucha wa mtoto, ndani rangi ya chai ya maziwa. Alinusa, akafumba macho, akanusa tena. Aligeuza majani kutafuta madoa meusi, na akayapata. Aliandika huku akisoma kwa sauti, kama anayemwimbia mteja bei.

"Harufu, nane kwa kumi. Umbo la ua, saba. Wingi wa maua, tano. Afya ya majani, nne. Shingo, tatu."

Mama Jicho alikuwa amejiandaa kukasirika, lakini hakupata pa kuanzia. Alama zilikuwa za haki. Kwenye shingo yeye angempa mbili.

Hata hivyo kuna mambo hayakukaa sawa. Miwani alisema yeye ni mwandishi tu, si mkulima, lakini kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na sugu pembeni, pale pale kisu cha kubebeshea kinapoegemea. Mama Jicho alikuwa na sugu kama hiyo. Tena bwana huyu alipomaliza kuhesabu petali aliendelea kuhesabu, chini ya ua, kwenye kijiti, midomo ikicheza bila sauti. Alikuwa anahesabu macho.

"Mbona huulizi linaitwaje?" Mama Jicho alimtupia.

"Eeh!" Miwani akacheka, akashika tena kalamu. "Kweli kabisa. Linaitwaje?"

"Sijui."

"Basi ulilipata wapi, mama?"

"Kwa marehemu mama yangu."

Aliandika hilo bila kuinua uso. Kisha akaomba tawi moja, la kumbukumbu tu. Mama Jicho akamwambia mwaridi huu haukatwi mwezi huu. Hakusema unakatwa mwezi gani. Akamsindikiza hadi mlangoni, akasimama pale mpaka miwani na mkoba vilipopotea kwenye kona, kisha akangoja tena kidogo, asije akarudi.

Siku tatu baadaye alikuwa na miadi ya kupimwa macho. Mpwa alikuwa na likizo, akabaki nyumbani kufua. Mama Jicho aliporudi, hata kitenge hajavua, alikwenda moja kwa moja hadi kwenye tangi. Akainama. Akaona.

Palikuwa na makovu manne mabichi. Kila moja limekatwa kwa mshazari, juu kidogo tu ya jicho, ganda halijachanika hata uzi. Mpwa wake hakuwa na mkono wa kukata hivyo, wala kisu.

"Amekuja," alisema.

Mpwa alikausha mikono kwenye gauni. "Amekuja, ndiyo. Kaomba matawi mawili. Shangazi, ni mtu wa chama, ana barua, kaongea kwa adabu. Nikaona si kitu."

"Mawili?"

"Mawili."

"Hesabu."

Mpwa akahesabu. Akapata manne, lakini alikuwa na ukaidi wa baba yake. "Sasa manne na mawili yana tofauti gani? Miti haioti matawi mengine? Wewe kila mtu mwizi! Muuza maziwa mwizi, fundi mwizi, daktari naye sijui kakuibia nini leo!"

Neno lile, mwizi, lilimchoma Mama Jicho mahali ambapo mpwa hakupajua. Aliingia chumbani akafunga mlango. Kwa wiki mbili walisalimiana kama wapangaji. Mpwa alipomshauri aende chamani akalalamike, kama kweli ameonewa, alijibu kwamba hana muda. Angekwendaje? Swali la kwanza wangemuuliza mwaridi ameutoa wapi.

Mwaka ukapita, na miezi minne juu yake. Wakawa wamerudiana, kimyakimya, kama watu wanaokula meza moja wanavyorudiana. Ndipo jioni moja mpwa akarudi na karatasi ya tangazo iliyokuwa imebandikwa zahanati. Maonyesho ya maua, ukumbi wa mikutano, Jumamosi. Chini palikuwa na picha ya mawaridi mapya yatakayoshindanishwa. Mpwa aliiweka mezani mbele ya shangazi yake, akaweka kidole kwenye picha ya tatu.

Petali za nje waridi iliyofifia. Ndani chai ya maziwa. Chini yake maandishi: Fahari ya Asubuhi, waridi jipya, limezalishwa na... na hapo jina na picha ndogo ya mwenyewe, miwani ya fremu nyeusi.

"Nisamehe, shangazi," mpwa akasema.

Mama Jicho alimwangalia kwa muda, kuona kama kuna kingine nyuma ya msamaha huo. Hakukiona. "Vaa viatu vya kufunga," alisema. "Jumamosi tutasimama sana."

Ukumbini meza zilipangwa safu tatu, kila ua kwenye chupa yake nyembamba ya maji. Watu walipita wakinong'ona kama wako hospitali. Fahari ya Asubuhi lilikuwa limesimama wima, kichwa juu, limefunguka nusu tu. Mama Jicho aliliangalia kwa mbali, akalisogelea, akazunguka meza. Kitu fulani hakikumwingia akilini. Muda ule wa asubuhi, joto lile la ukumbi, Mwenye Haya angekuwa ameshaanza kutazama miguu yake.

Alipoinua macho akaona meza ya waamuzi. Watu walikuwa watatu. Wa katikati, mzee mwenye fimbo, kichwa cheupe chote, alikuwa Nyapara.

"Twende nyumbani," alimwambia mpwa.

"Kwa nini?"

"Wako pamoja. Huyu na yule. Ni mtego."

"Shangazi, nani atege mtego wa waridi miaka yote hii?"

Huku nyuma Miwani, ndani ya koti jipya, alikuwa ameshaanza kuwaeleza waamuzi jinsi alivyohangaika miaka tisa, akichavusha ua hili na lile, mpaka akapata mche mmoja huu. Alizungumza vizuri. Alisema umbo tisa, harufu tisa, shingo nane. Aliposema shingo nane, Mama Jicho alijikuta yuko mbele ya meza.

"Shingo hiyo ina waya," alisema.

Miwani alimtambua, ikaonekana machoni kwa nukta moja, kisha akatabasamu.

"Waheshimiwa, namfahamu mama huyu. Alifika kwangu akaomba mche, nikamwambia bado siuzi. Tangu hapo hanipendi."

"Muongo!" Mpwa aliruka. "Wewe ndiye uliyekuja kwetu! Mimi mwenyewe nimekupa matawi!"

"Na huyu ni binti yake," Miwani akasema kwa upole, kama anayewasaidia waamuzi kuelewa. Watu wakaanza kumwangalia Mama Jicho kwa jicho lile lile ambalo yeye alizoea kuwaangalia wengine. Akajua kwa mara ya kwanza lilivyo na uzito.

"Waya huo utolewe," alirudia. "Nikisema uongo nitoeni nje."

Nyapara aliinuka kwa fimbo, akaja mezani, akapapasa kijiti kwa vidole, kuanzia chini, polepole. Chini tu ya ua vidole vikasimama. Kwa kucha akavuta uzi mwembamba wa waya, mrefu kama njiti mbili za kiberiti, uliopakwa rangi ya kijani.

Mwanzoni hapakutokea kitu. Kisha ua likaanza kuinama. Liliinama taratibu, likapinda shingo upande wa kushoto, likatulia uso ukitazama kitambaa cha meza.

"Mwenye Haya," akasema Nyapara. Alisema kwa sauti ndogo, halafu akapandisha. "Huyu ni Mwenye Haya! Mwaridi huu haupo! Umeutoa wapi?"

Alimuuliza Miwani, lakini aliyejibu ni Mama Jicho, maana Miwani alikuwa anafungua kinywa kutunga kingine.

"Safu ya kumi na nne, mzee. Kajicho kamoja. Niliiba mimi."

Mzee alimgeukia. Ilimchukua muda kuivua ile miaka usoni pake, kisha akamjua. "Wewe! Wa kubebesha!"

"Mimi."

"Safu ile niliichoma kwa mkono wangu!"

"Hukuichoma yote."

"Nilisema hata jani! Nilisema asitoke mtu na hata jani!" Fimbo ilipiga sakafu. Waamuzi wenzake walimshika bega, wakimwomba akae, afya yake, lakini hakukaa. Alikuwa amekasirika kama mtu aliyeibiwa asubuhi ile ile. "Miaka ishirini na sita! Mbele ya macho yangu! Tena mwaridi mbovu, wenye madoa, usiosimama!"

Na hasira ile ndiyo iliyomaliza kesi. Mwamuzi wa tatu, mwanamke aliyekuwa akiandika kumbukumbu, aliuliza tu: kama mzee aliuchoma miaka ishirini na sita iliyopita, mshindani ameuzalishaje katika miaka tisa? Miwani alianza kusema kwamba mawaridi hufanana. Hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Alikusanya kadi zake, akaingiza mkobani, na akatoka kwa mlango wa pembeni akiwaachia ua.

Mwanamke yule akafungua ukurasa mpya. "Mama, chama hakina maelezo ya ua hili popote. Ungetueleza?"

Mama Jicho aliiangalia kalamu, akaangalia karatasi, akauliza itakwenda wapi na nani ataisoma. Akajibiwa. Hapo akaeleza, bila kupamba. Alisema siku ya kwanza halina maana. Siku ya pili, tangu alfajiri hadi saa tano, hakuna waridi analolijua linaloligusa. Linanukia majani makavu ya chai yenye ganda la ndimu ndani yake, na baada ya saa tano halinukii tena. Siku ya tatu kingo za petali zinageuka buluu, kama shati lililozidishiwa dawa ya kufulia. Asubuhi za baridi moyo wa ua hugawanyika mara mbili. Chini ya mshipa wa jani kuna kijimwiba kimoja kinachokungoja wewe tu usahau. Madoa meusi halikosi, na mvua ni adui yake.

"Alama za shingo?"

"Mbili."

"Moja," Nyapara akasema kutoka kitini.

"Mbili," alisema Mama Jicho, na mwandishi akaandika mbili.

Wizi wake haukumpeleka popote. Mwenye kitalu hakuwapo tena wa kudai, na chama kilikuwa na haraka zaidi ya kupata macho kuliko ya kupata mkosaji. Waliomba kumi. Mama Jicho alikataa mwezi mzima. Alitaka kujua shamba lao lina uzio gani, nani ana funguo, bomba la maji linafungwa saa ngapi. Mpwa akabeba maswali na kurudisha majibu, mpaka akasema yeye sasa ameajiriwa kazi mbili. Hatimaye Mama Jicho alikubali, kwa sharti kwamba kisu hatashika mtu mwingine. Alibebesha kumi kwa mkono wake, juu ya kigoda, kwa sababu mgongo ulishagoma kuinama. Yakashika manane. Tangu hapo kila Jumatatu alikwenda shambani kuyahesabu, na hakuna Jumatatu aliyoondoka kabla hajayahesabu mara mbili.

Jumatatu moja alimkuta Nyapara kando ya safu, ameegemea fimbo, akiitazama miche ambayo sasa ilikuwa na maua ya kwanza. Hawakuwa wamesemezana tangu ukumbini. Mama Jicho aliweka kikapu chini, akasimama kati yake na mche wa karibu.

"Nimekuja kuangalia tu," mzee akasema.

"Angalia."

Akaangalia. Saa nne ilipita. Upepo ulileta harufu ile, na mzee akainua pua, akaivuta yote, akaishusha. Kisha akakohoa kama anayejisahihisha.

"Lakini ningekuwa bado nyapara," alisema, "ningeichoma tena."

"Najua," alijibu Mama Jicho. "Ndiyo maana hukai nayo peke yako."